Kiswahili na kitendawili cha stima isiyopotea njiani

Kuna kauli ambayo nimeisikia katika makongamano mengi ya lugha, kiasi kwamba naweza kuikariri kabla msemaji hajafungua kinywa: ati Kiswahili ni lugha tamu ya ushairi, mapenzi na siasa, lakini kikifika kwenye sayansi ya kisasa kinaishiwa na pumzi. Wanaoipinga kauli hii nao wana jibu lao moja. Husoma orodha ya istilahi: kompyuta ni tarakilishi, simu ya mkononi ni rununu, na kadhalika. Orodha ikiisha, ukumbi hupiga makofi, kisha watu huenda kunywa chai.

Mtazamo wangu ni kwamba pande zote mbili zinaukwepa mtihani wenyewe. Lugha haithibitiki kuwa ya sayansi kwa wingi wa msamiati. Huthibitika kwa uwezo wa kumchukua msomaji kutoka kwa anachokijua na kumfikisha kwa asichokijua, hatua kwa hatua, bila kumwangusha njiani. Maadamu ni hivyo, leo nataka tufanye jaribio. Nimechagua makusudi mada inayowatoa jasho hata wanafizikia wenyewe: jinsi eksirei zinavyotumiwa kuchunguza misisimko ya kisumaku ndani ya supakondakta za halijoto ya juu. Msomaji wangu akifika mwisho akiwa hajaelewa, basi anilaumu mimi, asikilaumu Kiswahili.

KONDAKTA WA MATATU NA KONDAKTA YA STIMA

Tuanze na jambo la kila siku. Stima inapopita katika waya wa shaba, hukumbana na upinzani. Chembe ndogo ziitwazo elektroni, ambazo ndizo zinazobeba stima, hugonga kasoro zilizomo ndani ya shaba na kuyumbishwa na mitetemo ya atomi zake, kama mtu mwenye haraka anayejaribu kupenya katikati ya soko la Gikomba. Kila kikumbo hupoteza nishati kidogo, na nishati hiyo hugeuka joto. Kwa pasi ya umeme hilo ni jambo jema. Kwa nyaya zinazosafirisha stima kutoka Olkaria hadi kwako nyumbani, ni hasara tupu: sehemu ya kile kilichozalishwa huishia kuupasha hewa joto njiani.

Kitu kinachopitisha umeme, wanaistilahi wetu hukiita kipitishi. Ni neno lililoundwa vizuri: kitenzi pita, kauli ya kusababisha pitisha, na kiambishi ki- cha vifaa. Hata hivyo, ukimwendea fundi wa stima mtaani utamsikia akisema kondakta. Je, hapo hatumchanganyi na yule anayening'inia mlangoni mwa matatu? La hasha. Sikiliza: "Kondakta ameshuka" na "Kondakta imeshika moto." Upatanisho wa kisarufi umekwisha kuwatenganisha hawa wawili. Mmoja ni wa ngeli ya A-WA kwa sababu anapumua, mwingine ni wa I-ZI kwa sababu ni kitu. Sarufi yetu ilifanya kazi hiyo bila kusubiri kikao cha kamati yoyote.

Ugumu unaanza tunapopanda ngazi moja zaidi. Mnamo 1911, katika mji wa Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Heike Kamerlingh Onnes na wenzake waliipoza zebaki hadi nyuzi 269 hivi chini ya sufuri. Walitarajia upinzani upungue polepole. Badala yake ulitoweka ghafla. Haukupungua ukabaki kidogo. Ulikwisha. Mkondo wa stima ukianzishwa katika pete ya kitu cha aina hiyo huendelea kuzunguka bila kusukumwa na betri yoyote.

Kitu hicho tukiite nani? Wa kwanza atapendekeza "kipitishi kamili". Neno linapendeza, lakini linasema nusu ya ukweli. Mnamo 1933 Wajerumani Walther Meissner na Robert Ochsenfeld waligundua kwamba kitu hiki pia huifukuza sumaku: ukikipoza kikiwa karibu na sumaku, hulisukuma nje uga wote wa kisumaku uliokuwa umekipenya. Kitu chenye sifa ya kukosa upinzani peke yake kisingefanya hivyo. Kingeung'ang'ania tu uga kilioukuta. Kwa hivyo wanafizikia hutofautisha kipitishi kamili na hiki tunachokizungumzia. "Kipitishi kikuu" nako kunanikumbusha barabara kuu au ofisi kuu, kana kwamba kuna vipitishi vidogo vinavyokinyenyekea. Mimi basi nitamkaribisha mgeni, supakondakta, nimvike upatanisho wa I-ZI na tuendelee na safari. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Iliwachukua wanasayansi miaka 46 kueleza alichokiona Kamerlingh Onnes. Maelezo yalikuja 1957 kutoka kwa Wamarekani watatu, John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer, na yakawapa Tuzo ya Nobel mwaka 1972. Kiini chake ni kwamba, katika supakondakta, elektroni haziendi moja moja. Huenda jozi jozi. Zikishajipanga hivyo, jozi zote huingia katika mwendo mmoja, na vile vikwazo vidogo vidogo haviwezi tena kuitoa elektroni moja mstarini.

Hapa msomaji makini atanyanyua mkono. Elektroni zote zina chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Sasa zinashikanaje? Fikiria unapita alfajiri katika nyasi ndefu zenye umande. Ukipita, nyasi hulala, na kwa muda hubaki ujia nyuma yako. Anayekuja baadaye ataufuata ujia huo kwa kuwa ni rahisi, hata kama hamjuani na hata kama hampendani. Elektroni ikipita kati ya atomi zenye chaji chanya, atomi hizo huvutwa kidogo kuielekea, na kwa kuwa ni nzito hukawia kurudi mahali pake. Ujia huo wa chaji chanya huivuta elektroni ya pili. Kwa maneno mengine, gundi inayoziunganisha elektroni ni mtikisiko wa atomi zenyewe.

Supakondakta za aina hii zinafanya kazi mpaka hapa kwetu. Mashine nyingi za MRI katika hospitali kubwa zina sumaku iliyotengenezwa kwa nyaya zake. Tatizo ni kwamba sharti zipozwe kwa heliamu ya kimiminika, ambayo ni ghali na ni adimu. Wengi waliamini pia kwamba gundi ya mitikisiko isingeweza kuhimili joto linalozidi nyuzi 240 hivi chini ya sufuri.

CHUNGU KINACHOPITISHA STIMA

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1986. Johannes Georg Bednorz na Karl Alexander Müller, watafiti katika maabara ya IBM karibu na Zürich, Uswisi, walitangaza supakondakta isiyo ya chuma. Ilikuwa ya jamii ya kauri, binamu wa chungu na kigae, iliyotengenezwa kwa lanthanamu, bariamu, shaba na oksijeni. Mwaka uliofuata walitunukiwa Nobel. Mwaka huo huo wa 1987 makundi ya Maw-Kuen Wu na Paul Chu huko Marekani yalitangaza kauri nyingine, yenye itriamu, inayopoteza upinzani ikiwa kwenye nyuzi 180 hivi chini ya sufuri. Baadaye kauri yenye zebaki ilifika takriban nyuzi 139 chini ya sufuri.

Najua mkazi wa Kinangop anayeamka na kukuta jalidi shambani anauliza: hizo nyuzi 180 chini ya sufuri ndizo mnaziita halijoto ya juu? Swali ni la haki. "Juu" hapa ni juu kwa kulinganisha na zebaki ya Kamerlingh Onnes. Lakini tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu naitrojeni ya kimiminika ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Hiyo naitrojeni si kitu cha ajabu. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Kiambu au Nyeri ameiona ikifuka moshi kutoka kwenye mtungi wa mtaalamu anayemletea mbegu za fahali. Supakondakta inayopozwa kwa kitu kinachoweza kubebwa na pikipiki ni habari tofauti kabisa na ile inayohitaji heliamu.

Kwa nini chungu kipitishe stima kuliko shaba yenyewe? Jibu linahitaji turudi kwenye matatu. Chukua matatu ya abiria 14 iliyojaa, kila kiti mtu mmoja. Hakuna anayeweza kuhama kiti, si kwa sababu amefungwa bali kwa sababu kila mahali pana mtu, na hakuna anayekubali kupakatwa. Ndivyo zilivyo kauri hizi katika hali yake ya asili. Zimepangwa matabaka ya shaba na oksijeni, na katika kila tabaka kila atomi ya shaba ina elektroni moja iliyo tayari kusafiri lakini haina pa kwenda, maana zinachukiana mno. Kitu hiki basi hakipitishi stima hata kidogo. Lakini wakishuka abiria wawili, nafasi hupatikana. Jirani huhamia, mwingine huchukua pake, na mwendo huanza. Wanakemia hushusha abiria kwa kubadilisha baadhi ya atomi zilizo kati ya matabaka, kwa mfano kuweka strontiamu mahali pa lanthanamu. Ukishusha wachache, kauri hugeuka supakondakta. Ukishusha wengi mno, hugeuka chuma cha kawaida tu, na usupakondakta hutoweka.

Sasa tunafika penye kiini cha makala haya. Kila elektroni ni sumaku ndogo. Sifa hiyo wanafizikia huiita spini. Katika kauri ambayo haijashusha abiria, sumaku hizi zimejipanga kama ubao wa drafti: penye cheusi ncha inaelekea juu, penye cheupe inaelekea chini, na kila jirani yu kinyume na jirani yake. Nguvu inayozilazimisha kupingana hivyo ni kubwa ajabu. Ukiitafsiri kwa halijoto, inalingana na zaidi ya nyuzi 1,000. Abiria wakishuka, mpango wa drafti huvunjika, na hapo hapo, karibu na kaburi la usumaku, ndipo usupakondakta huzaliwa.

Je, hii ni sadfa? Wanafizikia wengi hawaamini hivyo. Wanashuku kwamba gundi inayozishika jozi za elektroni katika kauri hizi si mtikisiko wa atomi bali ni mtikisiko wa sumaku zenyewe. Lakini shuku si ushahidi. Ili nadharia isimame, lazima kwanza ionyeshwe kwamba mitikisiko ya sumaku bado ipo ndani ya kauri hata baada ya ubao wa drafti kuvurugika. Kama usumaku umekufa, hauwezi kuwa gundi ya chochote.

MSISIMKO

Niruhusu nisimame kidogo kwenye neno. Mtikisiko wa sumaku ninauita msisimko wa kisumaku. Mswahili husema "mwili ulinisisimka" anapohisi kitu kikimpitia kuanzia utosini hadi unyayoni ilhali hakuna kiungo kilichoondoka mahali pake. Hiyo ndiyo hasa maana inayohitajika hapa. Tazama shamba la ngano kule Narok upepo ukivuma. Wimbi hulivuka shamba zima, lakini hakuna bua hata moja linalong'oka. Kila moja huinama na kuinuka papo hapo. Ukiigeuza spini moja katika ubao wa drafti, jirani huhisi, naye humsukuma jirani yake, na msisimko huvuka tabaka zima. Mwanafizikia Felix Bloch ndiye aliyelianzisha wazo la mawimbi haya ya spini mnamo 1930. Siku hizi chembe ya wimbi hilo huitwa magnoni.

Ili kulijua wimbi la ngano unahitaji vitu viwili: urefu kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mwingine, na kasi ya kutikisika kwake. Kwa magnoni ni hivyo hivyo. Kwa miongo kadhaa chombo cha kupimia kilikuwa nyutroni. Nyutroni haina chaji, kwa hivyo hupenya ndani sana, na yenyewe ni sumaku ndogo, kwa hivyo huhisi sumaku wenzake. Bertram Brockhouse wa Kanada na Clifford Shull wa Marekani walipata Nobel ya 1994 kwa kuufungua uwanja huo. Lakini nyutroni zina kasoro moja: huingiliana na maada kwa udhaifu mno, nyingi hupita tu bila kusema hodi. Ili upate ishara ya kutosha unahitaji fuwele kubwa, ya uzito wa gramu kadhaa, na wakati mwingine watafiti hulazimika kupanga fuwele nyingi pamoja. Kauri nyingi zilizo bora kwa usupakondakta hazikubali kukua kiasi hicho. Basi swali muhimu kuliko yote lilikuwa haliulizwi kwa vitu vilivyostahili kuulizwa.

MJUMBE MWENYE SHILINGI 930

Hapo ndipo eksirei zinapoingia. Wilhelm Röntgen alizigundua mwaka 1895, akaziita kwa herufi ya eksi kwa kuwa hakujua ni kitu gani. Zipo kamusi zinazotupa neno uyoka. Silipingi, ila sijamsikia mgonjwa akitoka hospitalini na kusema amepigwa uyoka. Eksirei tunayoijua hospitalini ni sayansi ya kivuli: miali hupita penye nyama, huzuiwa penye mfupa. Inayotumika hapa ni sayansi ya hesabu za matumizi.

Fikiria umemtuma mjumbe mjini akiwa na shilingi 930 kamili. Anarudi na shilingi 929 na senti 70. Hakuna haja ya kumhoji. Unajua kule alikokwenda kuna kitu kinachogharimu senti 30. Na ukiangalia pia ni njia gani alirudia, utajua alikitumia katika duka la mtaa upi. Mwali wa eksirei unaotumwa ndani ya kauri ya shaba una nishati ya takriban elektronivolti 930, na magnoni yenye nguvu kabisa hugharimu takriban elektronivolti 0.3. Senti 30 katika shilingi 930! Pembe ambayo mwali hurudia hutoa urefu wa wimbi, na pengo la nishati hutoa kasi ya kutikisika kwake. Kazi yote imo katika kuhesabu chenji bila kukosea senti.

Kwa nini ziwe 930, si 900 au 1,000? Kwa sababu kila atomi ina nishati anayoitikia. Katika nyimbo zetu za kazi, kiongozi huanza na kundi huitikia, lakini huitikia pale tu kiongozi anapoigusa sauti ifaayo. Nishati ya 930 hivi ndiyo sauti ya shaba. Mwali wa nishati hiyo huinyanyua elektroni iliyofichika ndani kabisa ya atomi na kuitupa juu, kwenye nafasi moja iliyo wazi. Pengo hubaki chini kwa femtosekunde chache tu, na femtosekunde ni sekunde iliyogawanywa mara milioni bilioni. Kisha elektroni hushuka, pengo huzibwa, na mwali mpya hutoka. Lakini kule chini kabisa spini ya elektroni imefungamana na mzunguko wake kuikabili kiini cha atomi, kiasi kwamba katika muda huo mfupi mambo yanaweza kupinduka: iliyopanda ikiwa juu inaachia nafasi ya kushuka iliyo chini. Spini moja imegeuzwa, wimbi limeanza kusafiri, na gharama yake imekatwa kwenye nishati ya mwali unaotoka. Mbinu hii naiita mtawanyiko wa eksirei kwa mwitikio. Wataalamu wa istilahi wakiwa na neno bora zaidi, nitalipokea kwa mikono miwili.

Kwamba mwali unaweza kuigeuza spini moja namna hiyo ndani ya kauri za shaba, na kwamba wimbi zima linaweza kusomwa kutokana nao, kulionyeshwa kinadharia mwaka 2009 na Luuk Ament, Giacomo Ghiringhelli, Lucio Braicovich, Jeroen van den Brink na wenzao. Wakati huo kipimo chenyewe kilikuwa kimekwisha kujengwa katika Taasisi ya Paul Scherrer, Villigen, Uswisi. Chombo hicho kiliweza kubagua senti 13 hivi katika zile shilingi 930. Mnamo 2010 kundi la Braicovich lilitoa vipimo vya magnoni katika kauri ya lanthanamu ambayo haijashusha abiria, na vikaafikiana na vile ambavyo nyutroni zilikuwa zimetoa. Mjumbe mpya alikuwa ameaminika. Sasa angeweza kutumwa mahali ambapo wa zamani hakufika.

Mnamo 2011 Mathieu Le Tacon, Bernhard Keimer na wenzao wa Taasisi ya Max Planck mjini Stuttgart, pamoja na kundi la Italia, waliipeleka eksirei katika fuwele ndogo za jamii ya itriamu zilizokwisha kuwa supakondakta. Walichokikuta kiliwashangaza wengi. Ubao wa drafti ulikuwa umevurugika, ndiyo, lakini misisimko ilikuwa pale pale, imefifia kidogo pembezoni ila ina nguvu na nishati karibu sawa na katika kauri mama. Wanafizikia huiita paramagnoni, yaani magnoni isiyo na mpangilio wa kudumu chini yake. Ni kama ngano iliyokanyagwa na ng'ombe: mistari ya shamba haionekani tena, lakini upepo ukivuma wimbi bado linapita.

Watetezi wa gundi ya kisumaku walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini sayansi haimruhusu mtu kufurahi muda mrefu. Mwaka 2013 Mark Dean na wenzake wa Maabara ya Taifa ya Brookhaven, Marekani, walichukua tabaka nyembamba za kauri ya lanthanamu na kuwashusha abiria kidogo kidogo, kutoka matatu iliyojaa mpaka ile ambayo usupakondakta wake umekwisha kufa. Misisimko iliendelea kuwapo safari nzima. Sasa uliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeuliza: ikiwa gundi bado ipo hata mahali ambapo jozi hazishikani tena, ni gundi gani hiyo?

WANAOBISHANA WANABISHANIA NINI

Tukumbuke kwamba kila chombo kina mipaka yake. Mwali wa nishati ya 930 hauna msukumo wa kutosha kuyafikia mawimbi mafupi kabisa, yale ambamo kila spini iko kinyume na jirani yake. Hayo ndiyo makao ya nyutroni. Na vipimo vya nyutroni vinaonyesha kwamba huko, hasa kwenye nishati ndogo, misisimko hudhoofika sana abiria wanapozidi kushuka. Kwa hivyo yawezekana kwamba gundi yenyewe imo katika mawimbi ambayo eksirei hazijayagusa, na kwamba yale yanayoonekana kwa eksirei ni ya kudumu lakini hayahusiki sana. Wapo pia wananadharia wanaosema kwamba sehemu ya ishara hiyo si paramagnoni kamwe, bali ni vurugu za elektroni zinazotembea ovyo ndani ya chuma. Wapimaji nao wamejibu kwa kuboresha chombo. Huko Grenoble, Ufaransa, kipimo kipya kimeweza kubagua senti tatu au nne badala ya 13, na mabishano yamekuwa ya kina zaidi.

Jambo moja halibishaniwi tena: usumaku haufi pale usupakondakta unapozaliwa. Yeyote atakayeeleza kauri hizi sharti aipe misisimko hiyo nafasi katika hesabu yake. Na atakayeieleza vizuri huenda akatuonyesha namna ya kutengeneza supakondakta isiyohitaji hata naitrojeni. Siku hiyo, msomaji wangu, stima ya Olkaria itafika Mombasa bila kupotea njiani.

Kuna uchungu kidogo katika habari hii. Miali ninayoizungumzia haitoki katika mashine ya hospitali. Hutoka katika sinkrotroni, pete kubwa ambamo elektroni huzungushwa karibu na kasi ya nuru. Pete ya Villigen ina mzingo wa mita 288, ya Grenoble mita 844. Brazili inayo, Australia inayo, Jordan ina SESAME ambayo Misri ni mwanachama wake. Katika ardhi ya Afrika hakuna hata moja. Wanasayansi wa bara hili walikutana Grenoble mwaka 2015 kuupangia mkakati mradi wa sinkrotroni ya Afrika, na wanaendelea kuusukuma. Pesa ndizo kikwazo cha kwanza. Lakini cha pili ni idadi ya vijana watakaoitumia, na hao wako katika madarasa yetu wakisoma fizikia kwa lugha ambayo wengi wao hawaiwazii.

TUMEPATA NINI?

Turudi kwenye jaribio letu. Nimehesabu mahali ambapo Kiswahili kilinibeba bila jasho: upinzani, mtikisiko, msisimko, mwitikio, gundi, jozi. Haya hayakuhitaji kuundwa. Yalikuwapo, tena baadhi yake yanasema zaidi ya wenzao wa kigeni. Nimehesabu pia nilipokopa: supakondakta, elektroni, magnoni, sinkrotroni. Hayo hayaniudhi. Wanafizikia wa Ulaya nao waliyaokota katika Kigiriki na Kilatini. Ngeli ziliyapokea kila moja na kulipa pa kukaa.

Funzo ninalolipata ni kwamba tumekuwa tukiifanya kazi hii kinyumenyume. TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, kazi ya kuheshimika, lakini istilahi isiyo na makala ya kuishi ndani yake hubaki kama kiti kilicho katika ghala. Tuandike maelezo kwanza, marefu na ya wazi. Neno litakalohitajika litajitokeza katika sentensi, na sentensi ndiyo itakayolipima. "Kipitishi kamili" nimelikataa si kwa sababu ya sauti yake, bali kwa kuwa nilipojaribu kuueleza ugunduzi wa 1933 lilinikwamisha.

Na bado nina deni moja. Spini nimeikopa shingo upande. Nilifikiria "mzunguko", lakini elektroni haizunguki kwa maana ya kawaida, na neno hilo lingemdanganya mwanafunzi. Nikafikiria "pia", ile ya watoto wa pwani, inayosimama wima kwa sababu inazunguka na inayoweza kuinama huku au kule. Inanivutia, ila nayo inarudia kosa lile lile la kuzunguka, na katika sentensi itagombana na "pia" ya kuunganishia maneno. Walimu wa fizikia wanaoisoma safu hii wako karibu na wanafunzi kuliko mimi. Nitafurahi wakilijaribu darasani, kwa maelezo kwanza, kisha waniandikie ni neno gani wanafunzi wenyewe walilichagua.